Kimya cha Sekunde Chache

Mwanzoni mwa miaka ya 1980, baadhi ya shule za msingi nchini Kenya zilifundisha Kiingereza kwa redio. Kipindi kilichukua nusu saa. Sauti iliuliza swali, ikanyamaza sekunde chache, darasa zima likajibu kwa pamoja, kisha sauti ikaendelea kana kwamba imesikia. Ulikuwa ufundi wa hali ya juu, maana mtoto hakukaa tu kusikiliza, alijibu kwa mdomo wake. Lakini kimya kile kilipimwa studio. Aliyehitaji kufikiri zaidi alikuta redio imeshahamia swali jingine, na aliyelala na homa nyumbani somo lilimpita.

Mimi ni mwalimu wa hesabu, na katika historia yote ya masomo ya mbali jambo linalonigusa ni hilo: nani anapima kimya. Chuo Kikuu Huria cha Uingereza kilipopokea wanafunzi wa kwanza mwaka 1971, vipindi vyake vilirushwa na BBC kwa saa zilizopangwa. Mwanafunzi aliyekuwa kazini hakuwa na la kufanya. Ni mashine za kurekodi video zilizomwezesha kukinasa kipindi cha usiku wa manane na kukitazama akiwa na nafasi.

Kisha mwaka 2004 Salman Khan, ambaye baadaye alianzisha Khan Academy, akiwa Boston, akaanza kumfundisha hesabu binamu yake Nadia aliyekuwa New Orleans. Ndugu wengine wakajiunga, na mwaka 2006 akaanza kuweka video YouTube. Wakamwambia wanampenda zaidi kwenye video kuliko akiwafundisha moja kwa moja. Namwelewa kabisa mtoto anayesema hivyo. Kugawanya sehemu kwa sehemu, ukageuza ile ya pili na kuzidisha, ni hatua fupi mno ubaoni. Wapo wanaohitaji kuiona mara nne, na kuinua mkono mara ya nne mbele ya wenzako ni kazi ngumu kuliko hesabu yenyewe. Video haichoki wala haikunji uso.

Tarehe 15 Machi 2020, kwa sababu ya korona, Rais Uhuru Kenyatta alitangaza kufungwa kwa shule za Kenya. Taasisi ya Ukuzaji wa Mitaala ilitoa masomo kupitia redio ya KBC, televisheni na YouTube. Darasa la nne, la nane na kidato cha nne walirudi Oktoba 12, wengine wakangoja hadi Januari 2021. Miezi hiyo yote, somo la redio lilipita kwa saa yake kama zamani, na la YouTube likabaki. Tofauti hiyo niliiona kwa wanafunzi wangu: simu ya nyumba nzima ilikuwa mfukoni mwa mama aliye sokoni, na ilirudi jioni, ratiba ya redio imekwisha.

Ila bando nalo lilikuwa na kikomo. Nikaanza kurekodi maelezo kwa sauti tu, mafupi, nikayatuma WhatsApp pamoja na picha ya ubao. Hadi leo ninafanya hivyo. Ombi langu kwa wanaotengeneza masomo ya mtandaoni ni dogo: waruhusu somo lipakuliwe, na sauti iweze kuchukuliwa peke yake bila picha, ili mtoto alirudie usiku bila kununua bando jingine.