Weka Python, C na Java kwenye Ubuntu bila kumaliza bando

Laptop yako ina Ubuntu? Basi achana na mazoea ya Windows ya kutafuta programu moja moja kwenye tovuti usizozijua. Ubuntu ina ghala lake, na unachota humo kwa amri ya apt-get.

Bonyeza Ctrl+Alt+T kufungua terminali, kisha andika:

sudo apt-get update

Itakuomba nywila. Kwenye matoleo mengi ukiandika huoni kitu, hata nyota. Usishtuke, maliza kuandika, bonyeza Enter.

Kwa C na C++:

sudo apt-get install build-essential

Kwa Java, weka default-jdk mahali pa build-essential. Kabla ya kupakua, itakuonyesha MB ngapi zinahitajika na kusubiri ujibu Y au n. Soma hapo kwanza, hasa kama bando ni la siku.

Python ndiyo inayoponza watu. Ubuntu huja nayo tayari; andika python3 --version uone. Usiifute eti uweke mpya! Sehemu nyingi za mfumo zinaitegemea, na ukiing'oa unaweza kuwasha mashine ukakuta skrini nyeusi yenye maandishi tu. Tangu Ubuntu 23.04, hata pip hukataa kuweka maktaba moja kwa moja kwenye mfumo. Tengeneza chumba cha pembeni:

sudo apt-get install python3-venv
python3 -m venv kazi
source kazi/bin/activate

Humo pip inafanya kazi bila shida.

Sasa bando. Wanafunzi watano wa VETA au Stella Maris hapa Mtwara hawana haja ya kupakua Java mara tano. Mafaili ya aliyetangulia hubaki kwenye /var/cache/apt/archives. Nakili yote yanayoishia na .deb kwenye flashi, hata mwenzako akiwa Mikindani bodaboda itaifikisha. Ayaweke kwenye folda moja, afungue terminali humo humo, aandike:

sudo apt-get install ./*.deb

Ndiyo maana hatukutumia apt fupi: hiyo hufuta mafaili ikishamaliza kuweka.

Sharti ni moja: mashine zote ziwe na toleo lilelile la Ubuntu na prosesa ya aina moja. Kama ya mwenzako imepungukiwa na kitu, itahitaji intaneti kwa hicho tu.