Ulinzi wa kununuliwa kwa shaba
Tarehe 11 Julai 1960, hapa Lubumbashi, wakati ule Élisabethville, Moïse Tshombe alitangaza kwamba Katanga imejitenga na Kongo. Askari wa Ubelgiji walimlinda, na Union Minière ikamlipa kodi iliyopasa kufika Léopoldville. Hata hivyo, Ubelgiji yenyewe haikuitambua Katanga kuwa taifa, wala nchi nyingine yoyote. Januari 1963 majeshi ya Umoja wa Mataifa yakaukomesha utengano ule.

Leo, baada ya mapatano ya Kongo na Rwanda yaliyotiwa sahihi Washington tarehe 27 Juni 2025, tunabishana tena kama madini yaweza kutununulia amani. Historia ya mji wetu yatuonya: mlinzi aliyeitwa na shaba hulinda shaba kwanza. Tuwafundishe vijana wetu habari hii kabla hawajaombwa kushangilia.