Mwangwi wa Kilindini
Zamani nahodha aliyetaka kujua kina cha maji hakuwa na msaada isipokuwa bildi ya risasi, iliyoteremshwa kwa kamba na kuhesabiwa kwa pima; nayo, pamoja na manufaa yake yote, haikuweza kumpa khabari hata moja ya samaki waliokuwa baina ya chombo chake na sakafu ya bahari. Mwaka 1914, baada ya msiba wa meli ya Titanic, iliyozama kwa kugonga mlima wa barafu, mvumbuzi Reginald Fessenden alipeleka sauti majini karibu na Newfoundland, akapokea mwangwi wa mlima wa barafu. Lakini walioifikisha elimu hiyo mikononi mwa wavuvi, nao kwa rai yangu ndio wastahiki sifa kubwa zaidi, ni ndugu wawili wa ukoo wa Furuno, mafundi wa umeme wa Nagasaki, Japani, ambao mwaka 1948 walitoa chombo cha kutafutia samaki kilichofaa kwa kazi. Kinachorudisha sauti hasa ni kibofu cha hewa tumboni mwa samaki. Hata leo mvuvi wa kilindini huchagua sauti ya kilohezi 50, ifikayo mbali, kwani ile ya 200, ingawa huonyesha kwa ubainifu zaidi, humezwa na maji upesi.