Kibali cha Hita: Kabla Hujakicheka, Sikia Kilikotoka

Wadau, tuanze na swali. Mtu anaishi kwake, nyumba amenunua na jasho lake. Baridi imeingia, hita imekufa, fundi yuko mlangoni na mashine mpya. Kwa nini tena aende kuomba ruhusa kwa jiji?

Ndivyo mambo yalivyo katika miji mingi ya Marekani. Kubadilisha hita ya gesi au kufunga kiyoyozi cha nyumba nzima ni kazi inayohitaji kibali. Unajaza fomu, unalipa ada, fundi anaonyesha leseni, na kazi ikiisha inspekta anakuja kuiangalia kwa macho yake. Akikuta kasoro anaiandika, fundi anarudia, naye inspekta anarudi tena.

Mkenya akisikia hivyo anacheka. "Hao ni kanjo tu wa majuu, wanatafuta pesa." Siwezi kukulaumu, maana huku kwetu neno kibali limezoeana sana na neno kitu kidogo. Lakini nimefuatilia historia ya hiki kibali, na enyewe ni stori nzito. Inaanza na moshi, inapitia kwa makaburi ya watoto, na ina somo ambalo tunalihitaji hapa nyumbani.

Nyumba ya jirani

Twende Boston, mwaka 1631. Mji haujamaliza hata mwaka mmoja. Walowezi kutoka Uingereza wamejenga nyumba za mbao na kuezeka nyasi. Hata dohani, lile bomba la kupeleka moshi juu ya paa, wengi wamelijenga kwa mbao na kulikandika udongo. Udongo ukikosekana mahali, moto unakutana na mbao. Mwezi Machi dohani moja ikashika moto, upepo ukabeba cheche, na nyumba mbili zikaisha. Viongozi wakaamua: hakuna tena dohani ya mbao, hakuna tena paa la nyasi.

Sasa angalia hapo. Nyumba ya kwanza ingeungua peke yake, labda mwenyewe angepewa pole na maisha yaendelee. Ile ya pili ndiyo iliyoleta maneno, kwa sababu mwenye ile ya pili hakuwa amefanya lolote. Moto ni wako, umeuwasha ndani kwako, lakini cheche haziulizi mpaka uko wapi.

Miaka 17 baadaye, mwaka 1648, mji mdogo wa Waholanzi ulioitwa New Amsterdam ukaongeza kitu. Huo mji ndio leo tunauita New York. Gavana wake, Peter Stuyvesant, naye alipiga marufuku dohani za mbao, lakini aliona kwamba marufuku peke yake haisaidii. Akateua wakaguzi wanne wa kupita nyumba kwa nyumba wakiangalia dohani. Ukikutwa na dohani chafu unapigwa faini. Na hiyo faini ilikuwa na kazi maalum: kununua ndoo, ngazi na kulabu za kuzimia moto.

Mimi hiyo ya faini imenikaa. Mtu anayelipa anaona ndoo imening'inia pale mjini. Anajua pesa yake iko wapi. Fikiria kama kila faini ya kanjo Nairobi ingeweza kuonyeshwa hivyo.

Boila iliyopaa

Karne zikapita, watu wakaacha kuota moto na kuanza kupasha majengo joto kwa mvuke. Mvuke unatoka kwa boila, na boila ikichoka ni bomu. Tarehe 20 Machi 1905, katika mji wa Brockton, jimbo la Massachusetts, kiwanda cha viatu kilichoitwa Grover kiliwasha boila yake ya zamani kwa sababu ile mpya ilikuwa kwenye matengenezo. Boila ikalipuka, ikapasua sakafu moja baada ya nyingine hadi ikatokea kwenye paa. Jengo likaanguka, moto ukafuata. Watu 58 wakafa.

Ndani ya miaka miwili jimbo likawa na sheria kamili za boila: unene wa chuma, vali za usalama, ukaguzi. Lakini jimbo moja likiwa na sheria na jirani hana, fundi anahamisha tu kazi. Ndiyo maana chama cha wahandisi wa mitambo cha Marekani, ASME, kiliandika kanuni za pamoja, toleo la 1914, na kanuni hizo bado zinasasishwa mpaka leo. Hapo kibali kikapata kitu cha tatu. Boston ilileta katazo, New Amsterdam ikaleta macho, na Brockton ikaleta kipimo ambacho mkaguzi anashika mkononi, asikague kwa mhemko wake.

Shule ya New London

Hii ndiyo sehemu ngumu, kwa hivyo nitaisema polepole.

Jimbo la Texas, kijiji cha New London, mwaka 1937. Eneo limejaa visima vya mafuta na shule ina pesa. Mpango wa kwanza ulikuwa boila moja ya mvuke kwa shule nzima, lakini wakaona ni nafuu kuweka hita ndogo za gesi vyumbani, zaidi ya 70. Halafu mwezi Januari 1937, ili kuokoa pesa zaidi, shule ikakatiza mkataba wa gesi na mafundi wakaunganisha bomba kwenye laini ya gesi ya mabaki kutoka visimani. Watu wengi wa eneo lile walikuwa wanafanya hivyo. Ilikuwa kawaida, kama vile kwetu kujiunganishia stima kwa mlingoti kunavyoitwa kawaida.

Gesi asilia haina harufu. Ilivuja ikajaa chini ya sakafu na hakuna mtu aliyejua. Tarehe 18 Machi, dakika chache kabla ya watoto kwenda nyumbani, mwalimu wa ufundi aliwasha mashine ya umeme ya kupigia msasa. Cheche moja. Watu karibu 295 walikufa, wengi wao wanafunzi.

Kutoka siku hiyo mambo mawili yalibadilika. Texas iliamuru gesi itiwe kemikali ya kunuka, na sehemu nyingine zikafuata. Ile harufu mbaya unayosikia mtungi wako wa kupikia ukivuja huko Kayole au Kisauni ni merkaptani au ndugu yake, na imewekwa makusudi ili pua yako ikuokoe. Pili, katika mwaka huo huo Texas ilipitisha sheria ya kuwasajili wahandisi, ili asiyejua asijiite anajua.

Kwa hivyo ukiona fomu ya kibali inauliza namba ya leseni ya fundi na inataka bomba la gesi lijaribiwe kwa presha, usifikirie ni maswali ya kukuchosha. Maswali hayo yamelipiwa.

Na baridi je?

Ukidhani kiyoyozi hakina damu, ngoja. Willis Carrier alibuni mtambo wake wa kwanza mwaka 1902 kwa kiwanda cha uchapishaji Brooklyn, kwa sababu unyevu ulikuwa unaharibu karatasi. Lakini gesi zilizotumika kupoza siku hizo zilikuwa sumu: amonia, dioksidi ya salfa, methili kloridi. Mwaka 1929 huko Chicago watu walikufa ndani ya nyumba za kupanga baada ya methili kloridi kuvuja kutoka kwa mifumo ya friji. Thomas Midgley na wenzake wakaja na dawa, gesi iitwayo Freon, isiyo na sumu na isiyowaka. Dunia ikashangilia.

Miaka mingi baadaye ikajulikana kwamba gesi za aina hiyo zinakula tabaka la ozoni. Ndipo ukaja Mkataba wa Montreal wa 1987, na kutoka miaka ya 1990 fundi wa Marekani anayeshughulikia gesi hizo lazima awe na cheti cha serikali kuu. Zikaja gesi mbadala, nazo zikagundulika zinapasha dunia joto. Mkutano wa kuzipunguza ulifanyika hapa hapa Afrika Mashariki, Kigali, Oktoba 2016. Baadhi ya gesi mpya zinazowekwa sasa, kama R-32, zinaweza kuwaka kidogo, kwa hivyo kanuni zimeandikwa tena. Mambo yamezunguka yakarudi pale pale kwa moto.

Leo inspekta anaangalia nini

Vipande hivi vyote vilikusanywa polepole. Kitabu cha kanuni za mitambo ya majengo, Uniform Mechanical Code, kilitoka 1967, na cha kimataifa kikafuata 1996. Jiji linachagua kitabu, linaongeza yake, na kibali kinakuwa mlango wa kuingilia.

Chukua mfano mmoja. Nyumba ina hita ya zamani na tangi la maji moto, zote zinatoa moshi kwenye dohani moja. Mwenye nyumba ananunua hita ya kisasa ambayo moshi wake unatoka kwa bomba la plastiki ubavuni mwa nyumba. Ni kazi safi kabisa. Lakini lile tangi limebaki peke yake kwenye dohani kubwa. Joto lake dogo haliwezi kusukuma moshi juu, moshi unapoa na kurudi chini, na pamoja nao kaboni monoksidi, gesi isiyo na rangi wala harufu. Ni ile ile inayoua watu wetu msimu wa baridi wakilala na jiko la makaa ndani. Fundi mwenye haraka haoni hiyo shida, kwa sababu yeye ameitwa kwa hita. Inspekta anatakiwa kuiona.

Lakini sitaki kuwadanganya kwamba mfumo wao ni malaika. Ada inauma, foleni inachosha, na watu wengi kule wanafunga mashine usiku usiku bila kibali. Tena sheria nayo inaweza kulala. Mwezi Mei 2022, Chicago, joto lilipanda ghafla, na wanawake watatu wazee wakafa katika jengo la ghorofa la wazee ambalo bado lilikuwa linapashwa joto. Wasimamizi walielewa kwamba sheria ya jiji inawalazimisha kuwasha hita hadi Juni. Sheria iliyowekwa kuokoa watu na baridi ikafuatwa bila mtu kuangalia thamostati. Mwezi uliofuata jiji likapitisha sheria ya vyumba vya kupoza watu katika majengo kama hayo. Tena baada ya mazishi.

Somo letu

Sisi hatuna hita za gesi sebuleni. Lakini tunajua Embakasi. Usiku wa tarehe 1 Februari 2024, kituo cha kujazia gesi kililipuka katikati ya makazi. Watu wakafa, mamia wakajeruhiwa. Mamlaka ya nishati, EPRA, ilisema ilikuwa imekataa maombi ya kibali cha kujenga kituo hapo mara tatu mwaka 2023. Upande wa mazingira leseni ilikuwa imetolewa, na NEMA yenyewe ikakiri kwamba haikutolewa kihalali.

Kwa hivyo hatukukosa sheria. Hatukukosa hata jibu la "hapana." Tulikosa mtu wa kwenda pale kwa miguu yake, aangalie, afunge lango na likae limefungwa.

Hapo ndipo naona tunakosea tukibishana kuhusu vibali. Mmoja anasema viongezwe, mwingine anasema viondolewe, na wote wanazungumzia karatasi. Stuyvesant aliteua wakaguzi wanne kwa sababu dohani haisomi barua. Kibali ni ahadi kwamba mtu asiye jamaa yako, asiyelipwa na fundi wako, mwenye kipimo mkononi, atakuja kuangalia kabla ukuta haujafungwa. Akikosekana huyo, ulichonunua ni risiti.

Na ukijenga, ukifunga mfumo wa gesi jikoni, au ukiweka kiyoyozi kwa ofisi yako pale Mombasa, usiulize tu "kibali ni pesa ngapi?" Uliza nani anakuja kukagua, na siku gani. Ukijibiwa "usijali, tutakuletea tu karatasi," jua kwamba jirani yako bado hana ulinzi. Na wewe pia ni jirani ya mtu.