Kabila Lilifutwa, Ulemavu Ukaongezwa: Historia ya Maswali ya Serikali Katavi

Matokeo ya utafiti wa kitaifa wa afya ya uzazi na mtoto wa mwaka 2015/16 yalipotoka, Katavi iliongoza nchi nzima kwa jambo ambalo hakuna mkoa unaotaka kuliongoza. Kati ya kila wasichana 100 wenye umri wa miaka 15 hadi 19, 45 walikuwa wameshazaa au walikuwa na mimba. Wastani wa taifa ulikuwa 27.

Kabla ya mwaka 2012, Katavi ilipomegwa kutoka Rukwa, binti wa Mpanda alihesabiwa pamoja na binti wa Sumbawanga, na hali yake ikamezwa na wastani wa mkoa mkubwa. Ilibidi mdodosaji apige hodi, aulize umri, elimu na uzazi, kisha majibu yapangwe kwa mkoa, ndipo jambo ambalo kila mkunga wa Mpanda alilijua lilipofika Dodoma na Dar es Salaam likiwa na namba.

Hii ndiyo sababu huduma za umma hutuuliza mambo yanayoonekana ya faragha: umri, jinsi, ulemavu, mahali tunapoishi. Asiyehesabiwa hapangiwi bajeti. Lakini serikali haikuanza kuuliza kwa nia hiyo, na kwa watu wa Katavi historia hiyo si ya mbali.

Waingereza waliihesabu Tanganyika kwa makabila, katika sensa ya 1948 na tena ya 1957. Kabila lilikuwa mpini wa utawala wao: kupitia kabila walimpata chifu, na kupitia chifu walipata kodi. Hata hivyo Mpanda yenyewe ilikuwa ikikua kwa namna isiyoingia vizuri kwenye visanduku hivyo. Mgodi wa risasi na reli iliyotoka Kaliua vililetea mji watu wa kila upande, wakaoana, wakazikana.

Sensa ya 1967, ya kwanza baada ya uhuru, bado iliuliza kabila na dini. Baada ya hapo maswali hayo yakaondolewa. Sensa za 1978, 1988, 2002, 2012 na 2022 zote hazikuyauliza, ingawa mwaka 2012 baadhi ya Waislamu walidai kipengele cha dini kirudishwe na wengine wakagoma kuhesabiwa. Serikali haikukubali. Kwa maoni yangu ilikuwa sahihi, na ushahidi wangu upo Katumba na Mishamo, mkoani Katavi.

Makazi ya wakimbizi ya Katumba yalifunguliwa mwaka 1973, na ya Mishamo miaka michache baadaye, kwa ajili ya Warundi waliokimbia mauaji ya 1972. Walikuwa wametoka mahali ambako watu, hasa waliosoma, waliuawa kwa sababu ni Wahutu. Mtu wa namna hiyo ukimuuliza kabila, unamrudisha kwenye usiku aliokimbia. Huku walikofikia waliulizwa jambo jingine: mkimbizi au raia? Kwa zaidi ya miaka 30 jibu la swali hilo ndilo lililoamua kama mtu anaweza kutoka makazini bila kibali.

Mwaka 2007 kila kaya katika makazi hayo, pamoja na Ulyankulu mkoani Tabora, iliandikishwa na kuulizwa inataka nini: kurudi Burundi au kubaki? Takriban wanne katika kila watano walichagua uraia wa Tanzania. Mwaka 2010 zaidi ya watu 162,000 walikubaliwa, na vyeti vikaanza kutolewa mwaka 2014. Uandikishaji ule ulikuwa na swali ambalo lengo lake lilielezwa, na jibu lake lilifanyiwa kazi, hata kama kwa kuchelewa.

Majirani wetu Kenya wamechukua njia nyingine. Huko kabila huulizwa kwenye sensa, na sheria ya mwaka 2008, iliyotungwa baada ya machafuko ya uchaguzi, inakataza taasisi ya umma kuwa na zaidi ya theluthi moja ya wafanyakazi kutoka jamii moja. Bila kuuliza, usingejua nani amejaza ndugu zake ofisini. Siwalaumu, kila nchi huuliza kwa kufuata kidonda chake.

Kidonda chetu kingine kilikuwa ulemavu. Sensa ya 2002 ilipata kwamba karibu asilimia 2 ya Watanzania wana ulemavu. Ya 2012, ikiwahesabu wenye miaka 7 na zaidi, ilipata asilimia 9.3, na ya 2022 asilimia 11.2. Watu hawakuwa wameanza kuumia ghafla. Kilichobadilika zaidi ni swali. Ukimuuliza baba mbele ya wageni kama ana mtoto mlemavu, atasema hana. Ukimuuliza kama yupo anayepata ugumu wa kuona hata akivaa miwani, au ugumu wa kusikia, kutembea, kukumbuka, kujihudumia, ataanza kuwataja mmoja mmoja.

Leo jibu hilo lina fedha ndani yake. Halmashauri hutenga asilimia 10 ya mapato yake ya ndani kwa mikopo isiyo na riba: 4 kwa wanawake, 4 kwa vijana, 2 kwa watu wenye ulemavu. Halmashauri ya Nsimbo au ya Mpimbwe haiwezi kujua kama fungu la mwisho linawafikia wenyewe ikiwa daftari la kijiji halionyeshi wako wapi.

Namna ya kuuliza nayo ina uzito. Katika kituo kimoja cha afya nilisimama kwenye foleni nyuma ya binti mwenye mimba. “Umri?” sauti ilitoka dirishani, na benchi zima likageuka. “Kumi na nane, dada,” alijibu akiangalia sakafu, huku kidole kikizungusha pembe ya kadi ya kliniki. Sijui umri wake. Najua kwamba hakuulizwa pembeni, wala hakuambiwa jibu lake ni la nini. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 inamtaka anayekusanya taarifa aseme lengo lake. Mtendaji, muuguzi, karani: semeni lengo hilo kabla ya kushika kalamu, na matokeo yakitoka yabandikeni kwenye ubao wa kijiji ili waliojibu wayaone.

Utafiti wa afya ya uzazi ulirudi mwaka 2022. Safari hii Katavi ilikuwa na wasichana 34 katika kila 100 waliowahi kupata mimba, ya tatu nchini nyuma ya Songwe na Ruvuma.