Filamu bora za mwaka: Jinsi shabiki wa Eastlands anavyozipanga

KILA mwaka unapokaribia kutia nanga, wapenzi wa filamu kote duniani huketi wakazipanga filamu zilizowapendeza, kuanzia ya kwanza hadi ya kumi. Katika mitaa ya Eastlands jijini Nairobi desturi hiyo ipo pia, ijapokuwa aghalabu haiandikwi popote. Orodha hizo hubishaniwa kwa kinyozi, ndani ya matatu na nje ya vibanda vya video.

Hata hivyo, orodha ya shabiki wa Kayole, Dandora au Umoja haifanani na ya mhakiki wala ya majaji wa tuzo. Tofauti hiyo haitokani na ladha pekee. Mtu hupanga alichokiona, na kwa miaka mingi filamu zimeifikia mitaa hii kwa njia zake zenyewe, zingine kwa kuchelewa na zingine zisifike kabisa. Kwa sababu hiyo, anayeisoma orodha ya aina hii kwa makini huona pia jinsi sinema inavyogawanywa jijini.

Mitaa na kumbi

Eastlands ni jina la jumla la mitaa iliyo mashariki mwa kitovu cha jiji. Ile mikongwe, kama vile Pumwani, Shauri Moyo na Kaloleni, ilianzishwa enzi za ukoloni kwa ajili ya makazi ya Waafrika waliofanya kazi mjini. Baada ya uhuru ilijengwa Buruburu kwa awamu tano, ikaja Umoja, na katika miaka ya 1970 Benki ya Dunia ikafadhili mradi wa viwanja vya makazi huko Dandora.

Kumbi kubwa za sinema zilikuwa mjini. Aliyetaka kutazama filamu mpya alilazimika kupanda gari hadi Kenya Cinema, Odeon, Cameo au Nairobi Cinema, na akalipe tiketi juu ya nauli. Wenye magari walikuwa na Fox Drive-In kando ya barabara ya Thika. Kwa familia iliyohesabu kila shilingi, sinema ilikuwa jambo la sikukuu.

Kanda za video ndizo zilizobadilisha mambo katika miaka ya 1980 na 1990. Chumba cha mabati, fomu chache za kukalia, runinga, deki na spika mbili vilitosha kuwa ukumbi. Ada ya kiingilio ilikuwa shilingi chache, na ubao mlangoni ulitangaza filamu za siku. Siku za mechi za Ligi Kuu ya Uingereza, filamu zilipisha kandanda.

Mwaka wa filamu

Swali la kwanza kwa anayeandaa orodha ni hili: filamu ya mwaka huu ni ipi? Kwa mhakiki, ni iliyozinduliwa kati ya Januari na Desemba. Kwa shabiki wa mtaani, kwa muda mrefu ilikuwa ni ile iliyofika mtaani mwaka huo.

Tofauti hii ilionekana wazi katika miaka ya 2000, diski za DVD zilipotapakaa. Diski moja isiyo halali iliuzwa kwa takriban shilingi 50 na mara nyingi ilibeba filamu kadhaa za mwigizaji mmoja. Mtazamaji aliyezaliwa baada ya Commando ya Arnold Schwarzenegger kuzinduliwa mwaka 1985 aliipokea kama kitu kipya. Vivyo hivyo filamu za kung fu za Jackie Chan, kama Drunken Master ya 1978, ziliendelea kupata mashabiki wapya kizazi baada ya kizazi. Orodha inayochanganya kazi za miongo mitatu haina kosa. Inafuata tu kalenda ya kuwasili.

Sauti ya msimulizi

Jambo la pili ni toleo. Filamu nyingi zilizovuma Eastlands hazikutazamwa katika lugha yake ya asili, bali kupitia kwa wasimulizi wanaotia sauti ya Kiswahili na Sheng juu ya picha. Anayejulikana zaidi nchini Kenya ni DJ Afro, ambaye amesimulia filamu za mapigano za Marekani, India na China. Msimulizi wa aina hii hatafsiri neno kwa neno. Huwabandika wahusika majina mapya, hutia mzaha, hueleza jambo lililofichika na huhamisha kisa kutoka ughaibuni hadi mtaa unaojulikana.

Kazi hiyo ina ndugu zake Afrika Mashariki. Nchini Tanzania, Lufufu alipata umaarufu kwa kutia sauti ya Kiswahili, na jijini Kampala akina VJ Jingo wamefanya vivyo hivyo kwa Kiganda. Studio ya Wakaliwood ya Kampala iliufanya usimulizi kuwa sehemu ya filamu yake Who Killed Captain Alex? ya mwaka 2010.

Kutokana na hayo, watu wawili wanaweza kubishana kuhusu filamu moja ilhali walitazama kazi mbili tofauti. Filamu dhaifu huinuliwa na msimulizi hodari, na filamu nzito yenye maneno machache huweza kupoteza ukimya wake. Aidha, lipo suala la haki. Mwenye filamu kwa kawaida hapati senti kutokana na nakala haramu, wala hajulishwi kuwa kazi yake imependwa.

Stelingi hafi

Vigezo vya mtaani vinajulikana. Filamu nzuri huanza mapema, ina adui anayechukiza na ina mapigano yanayoonekana vyema. Zaidi ya yote, ipo kanuni isiyoandikwa kwamba stelingi hafi. Anaweza kupigwa, kufungwa au kuachwa jangwani, lakini lazima arudi alipize kisasi. Filamu inayomuua shujaa wake huwa imevunja ahadi, na wapo wanaoinyima nafasi kabisa kwa sababu hiyo pekee.

Mwaka 2018 ulikuwa mtihani mkubwa wa kanuni hiyo, na ndiyo maana unafaa kuwa mfano wa jinsi orodha inavyoundwa. Mnamo Februari ilitoka Black Panther, iliyoongozwa na Ryan Coogler na kumshirikisha Mkenya Lupita Nyong'o kama Nakia. Ilifuata kanuni sawasawa: T'Challa anatupwa kwenye maporomoko ya maji, anadhaniwa amekufa, kisha anarejea kukitwaa kiti chake. Miezi miwili baadaye ikaja Avengers: Infinity War, ambamo nusu ya viumbe wote wanatoweka, T'Challa mwenyewe akiwa miongoni mwao, na adui anabaki ameketi akitazama jua. Katikati ya mwaka, kuanzia Juni 14 hadi Julai 15, Kombe la Dunia nchini Urusi liliteka skrini.

Shabiki anayeshikilia kanuni ataweka Black Panther juu ya Infinity War. Anayethamini kushtuliwa atazigeuza. Ubishi wa namna hii hauna mshindi, lakini unamlazimu kila mmoja kutaja kipimo chake.

Filamu za nyumbani

Tatizo kubwa zaidi lilihusu filamu za Kenya. Mwaka huo wa 2018 ulikuwa miongoni mwa miaka bora zaidi katika historia ya sinema ya taifa hili. Rafiki ya Wanuri Kahiu, inayosimulia mapenzi ya wasichana wawili jijini Nairobi, ilikuwa filamu ya kwanza ya Kenya kuteuliwa kwa tamasha la Cannes nchini Ufaransa. Kabla haijaonyeshwa huko mwezi Mei, Bodi ya Uainishaji wa Filamu nchini, KFCB, ilikuwa imeipiga marufuku. Mnamo Septemba 21, Mahakama Kuu iliisimamisha amri hiyo kwa siku 7, na watu wazima wakaruhusiwa kuitazama.

Nairobi ilipanga foleni. Lakini ukumbi uliojaa pomoni ulikuwa Prestige, kando ya barabara ya Ngong, upande wa pili wa jiji. Mtu wa Kayole alihitaji matatu ya kwenda mjini, matatu nyingine ya Ngong Road, tiketi, na nauli ya kurudi usiku. Juma likaisha. Kwa wakazi wengi wa Eastlands, filamu ya Kenya iliyozungumziwa kuliko zote mwaka huo ilibaki kuwa habari ya gazetini.

Ya pili ilikuwa Supa Modo ya Likarion Wainaina, iliyoonyeshwa katika tamasha la Berlin mwezi Februari na baadaye kuteuliwa kuiwakilisha Kenya katika kinyang'anyiro cha Oscar. Inamhusu Jo, msichana mgonjwa mahututi anayependa filamu za Jackie Chan na anayetamani kuwa shujaa mwenye nguvu za ajabu. Kijiji kizima kinashirikiana kumtimizia ndoto hiyo. Mmoja wa wanaomsaidia ni Mike, mwenye ukumbi wa video ambaye husimulia filamu mbele ya watazamaji.

Hapa palikuwa na kinaya. Filamu hiyo imesimama juu ya maisha ya kibanda cha video, kama ilivyokuwa Nairobi Half Life ya David "Tosh" Gitonga mwaka 2012, ambayo mhusika wake mkuu, Mwas, anauza filamu kijijini huku akiigiza matukio yake. Ni kazi zinazomtambua shabiki wa mtaani na kumpa heshima. Hata hivyo njia yake ya kwanza ilipita kwenye matamasha ya nje na kumbi za maduka makubwa, na Supa Modo inamtaka shabiki huyo akubali jambo gumu: kwamba stelingi anaweza kufa na bado awe ameshinda.

Njia mpya, pengo la zamani

Mambo yamebadilika. Netflix iliingia Kenya Januari 2016, simu za kisasa zikaenea, na maduka ya mtaani yakaanza kuwajazia wateja filamu kwenye flashi badala ya diski. Filamu ya Marekani sasa huweza kufika Dandora siku chache baada ya kuzinduliwa. Kwa filamu ya Kenya iliyotengenezwa kwa fedha kidogo, pengo halijazibika kwa kasi hiyo. Mtayarishaji hataki iibwe, naye mtazamaji haoni pa kuinunua kwa bei aliyoizoea.

Kwa anayetaka kuandika orodha yake na itunzwe, mambo manne yanatosha kuongezwa kando ya kila jina: mwaka filamu ilipozinduliwa, mwezi alipoitazama, mahali alipoitazama, na kama ilikuwa na msimulizi. Chini ya filamu kumi, inafaa aandike pia zile alizosikia zikisifiwa asizipate. Sehemu hiyo ya mwisho itamfaa mtayarishaji anayetafuta watazamaji kuliko kumi za juu, maana humwonyesha mtaa ambako filamu yake inangojewa.