Hamamni na Kidichi: maji ya moto si mageni kwetu



Mwenzetu mmoja aliolewa Mfunguo Mosi uliopita. Bwana harusi akampeleka fungate hoteli moja ya ufukweni, chumba chenye jakuzi lake. Tangu asubuhi alikuwa hakula cha maana kwa pilikapilika za safari. Jioni akaingia kwenye maji ya moto, akakaa karibu nusu saa, na aliposimama akaona kiza. Alhamdulillahi mumewe alikuwepo, akamdaka kabla hajajigonga.

Nyumbani wakubwa wakasema ndiyo matokeo ya kuiga mambo ya kizungu. Hapo tukabishana nao kwa adabu, maana Unguja maji ya moto yana historia ndefu.

Tuanzie Kidichi, kaskazini ya mji, juu ya kilima katikati ya mashamba. Seyyid Said, aliyehamishia makao yake Unguja kutoka Maskati, alimuoa binti wa Kiajemi, mjukuu wa Fath Ali Shah mfalme wa Uajemi. Mwaka 1850 akamjengea hamamu huko Kidichi, akapate kuoga kwa desturi ya kwao. Ukiingia leo utaona kuta zilizonakshiwa kwa chokaa, ndege na maua na mitende, jambo la nadra katika majumba ya Maibadhi, ambao hawakupenda sura za viumbe. Bi Salme, binti wa Seyyid Said, anamtaja mama huyu katika kitabu alichokitoa mwaka 1886: alipenda farasi na kuwinda, na mji mzima ulimsema. Ndoa yenyewe haikudumu, akarudi kwao. Hamamu likabaki.

Kidichi lilikuwa la mke mmoja. Mtoto wa Seyyid Said, Seyyid Barghash, aliyetawala kuanzia 1870 hadi 1888, akajenga jengine ndani ya Mji Mkongwe, na hili likawa la watu wote wenye kulipa kiingilio. Fundi wake mkuu alikuwa Haji Gulamhussein, naye Muajemi. Wanawake walikuwa na wakati wao na wanaume wao, hawakuchanganyika. Ndiyo mtaa ule ukaitwa Hamamni, na jina halijafutika ingawa maji yalikatika tangu miaka ya 1920.

Sasa tazameni lilivyojengwa, kwani hapa ndipo penye faida. Moto haukukaa chumbani. Uliwashwa pembeni, na joto likapita chini ya sakafu. Muogaji hakuingia moja kwa moja penye joto kali. Alivua nguo chumba cha mwanzo, akapita chumba cha vuguvugu, mwili ukazoea, ndipo akaingia chumba cha moto. Kutoka vilevile: alirudi kidogo kidogo, akapumzika, akapoa, akavaa. Na hamamu la desturi halina mtu wa peke yake. Kuna wahudumu wa kusugua na kukanda, kuna mama, kuna mashoga, na kwa bi harusi kuna somo wake. Ukibadilika rangi, mtu anakuona.

Jakuzi la hoteli limeondoa yote hayo. Unavua, unatumbukia kwenye joto la mwisho, mlango umefungwa. Joto hutanua mishipa, damu inashuka miguuni, presha inaanguka. Ukisimama ghafla, kichwa kinakosa damu. Mwenzetu hakuwa na shetani wala kijicho (maana hilo nalo lilisemwa!), alikuwa na njaa, kiu na haraka.

Kwa hiyo, bi harusi, ukilipata jakuzi lifanye hamamu. Kula kwanza na kunywa maji. Maji yasizidi nyuzi joto 40 za Selsiasi, na hata hapo dakika kumi au kumi na tano zinatosha. Toka, kaa ukingoni, ndipo usimame. Usiingie peke yako. Mwenye presha au maradhi ya moyo amuulize daktari kwanza. Na kama kipo kiwingu chochote cha mimba, yaache: joto kubwa la mwili katika wiki za mwanzo linaweza kudhuru ubongo na uti wa mgongo wa mtoto, na wiki hizo ndizo ambazo wengi wetu hatujajijua. Oga maji ya vuguvugu.

Singo na liwa visugulie bafuni na uvisuuze vizuri kabla ya kuingia. Mafuta na unga ndani ya jakuzi huifanya klorini ishindwe na vijidudu, na vipele vya mgongoni na mapajani hufuata siku mbili tatu baadaye. Kama maji yana ukungu au utelezi, usiyaingie, hata kama chumba kimelipiwa ghali.

Na sitara ni ileile ya Hamamni. Jakuzi la pamoja, ambalo wanaume na wanawake wanakaa maji mamoja, si letu. Ulizeni kabla ya kulipa kama kuna saa za wanawake na mhudumu mwanamke.

Mwenzetu tulimchukua Hamamni mwezi uliopita. Akasimama katika chumba cha moto, sasa kikavu na cha baridi, akaangalia matundu ya kuba yanayoingiza mwanga, kisha akahesabu vyumba alivyopita tangu mlangoni.

"Mimi niliviruka vyote hivi," akasema.